Kisanduku kimoja, njia mbili: waya na laini ya simu kwenye Linux

Kwa miaka kadhaa sasa kazi yangu imekuwa kutunza visanduku vidogo vinavyoendeshwa na Linux, ambavyo hufungwa kando ya mashine, husoma vipimo vyake na kuvituma kwenye seva yetu. Kila kisanduku kina tundu la kebo ya mtandao na modemu yenye laini ya simu. Faida ya kuwa na njia mbili ni rahisi kumweleza mteja: waya ukikatika, simu inashika zamu. Mimi mwenyewe niliamini hivyo, mpaka Jumatatu moja asubuhi nilipokuta kisanduku kimoja hakijatuma kipimo hata kimoja tangu Ijumaa jioni, ilhali laini yake ilikuwa na kifurushi cha kutosha na mawimbi mazuri.

Nilipofika mahali penyewe nilikuta kebo imechomekwa vizuri na taa ya kijani inawaka kwenye tundu lake. Swichi iliyokuwa upande wa pili ilikuwa na umeme na ilifanya kazi. Kilichokufa ni kebo iliyounganisha swichi hiyo na ruta, mita chache nyuma ya ukuta. Kwa macho ya kisanduku, waya ulikuwa mzima. Anwani ya IP nilikuwa nimeiandika mwenyewe, haikutoka kwa DHCP (huduma inayogawa anwani kwa muda), kwa hiyo hapakuwa na muda wa matumizi ambao ungekwisha na kukishtua. Nilipoandika `ip route`, amri inayoonyesha jedwali la njia, niliona njia mbili za kutokea: moja kupitia eth0 (kiolesura, yaani mlango wa mtandao, cha waya) yenye metriki 100, nyingine kupitia wwan0 (kiolesura cha modemu) yenye metriki 700. Metriki ni namba ya kupanga vipaumbele, na hizo ndizo NetworkManager, programu inayosimamia mitandao kwenye Linux, huzipa waya na modemu pasipo kuelekezwa vinginevyo. Kerneli, kiini cha Linux, huchagua metriki iliyo ndogo, na huendelea kuichagua maadamu njia hiyo bado imo kwenye jedwali. Kisanduku kilikuwa kikiliita lango lake (ruta) kwa ARP, njia ya kuulizia kifaa jirani kwenye waya, hakijibiwi, kinaliita tena, na hata hivyo hakikugeukia njia ya pili. Siku mbili na nusu modemu ilikaa imesajiliwa kwenye mtandao, ina anwani yake, na haina kazi.

NetworkManager ina uwezo wa kupima kama kiolesura kinafika kwenye intaneti, na kikishindwa huiongezea njia yake metriki ya 20000 ili nyingine ipite mbele. Katika mfumo niliokuwa nimeujenga kwa Yocto, zana za kuunda mfumo wa Linux wa kifaa fulani, uwezo huo haukuwa umewashwa, na hata ungewashwa, kipimo hufanyika kila baada ya sekunde 300 usipobadilisha. Kwa vipimo vyetu dakika tano zilikuwa nyingi. Niliamua kuandika programu yangu ndogo ya kuzichunguza njia zote mbili muda wote, ile inayotumika na ile iliyo akiba. Nasisitiza zote mbili kwa sababu njia ya akiba ambayo haijawahi kujaribiwa hugunduliwa kuwa mbovu siku ile ile inapohitajika. Nimekuta laini zilizofungiwa, modemu zilizosajiliwa bila kupewa anwani, na antena iliyoachia baada ya kisanduku kusogezwa, na mara zote waya ulikuwa ukifanya kazi vizuri na kuyaficha hayo.

Swali la nini hasa cha kupima lilinichukua muda mrefu kuliko kuandika programu yenyewe. Mwanzoni nilituma ping (pakiti ndogo ya kuuliza kama upo) kwenye lango. Lango ni jirani. Linaweza kujibu siku nzima huku huduma ya intaneti iliyo nyuma yake imekatika. Nikahamia kwenye ping ya anwani ya mbali, nikakutana na mtandao uliopitisha ping na kuzuia mlango (porti) tuliokuwa tukiutumia kutuma vipimo. Mwisho nilikubali kwamba kipimo kinachofaa ni kile kinachofanana na kazi yenyewe: ombi dogo la HTTPS kwenda kwenye seva yetu, lililofungwa kwenye kiolesura kimoja kwa jina lake. Hapo palizuka jambo ambalo sikulitarajia. Baadhi ya mbao zetu hazina betri ya saa, kwa hiyo zikiwashwa huamini kwamba ni tarehe ya zamani, na cheti cha seva huonekana hakijaanza kutumika. Programu ilitangaza kwamba njia zote mbili zimekufa ilhali zote zilikuwa nzima. Sasa saa hurekebishwa kwanza kupitia njia yoyote iliyopo, ndipo uchunguzi uanze.

Makosa mengine mawili katika programu ile ya kwanza yalikuwa yangu kabisa. La kwanza ni kwamba ilihama baada ya kushindwa mara moja tu. Waya uliokuwa ukipoteza pakiti kidogo usiku ulifanya kisanduku kirukeruke kati ya njia mbili, na kila mruko ulikata mawasiliano yaliyokuwa yakiendelea, kwa hiyo tiba ilidhuru kuliko ugonjwa. Sasa lazima njia ishindwe mara tatu mfululizo, kwa nafasi ya sekunde 20, ndipo iachwe. Na ikipona, lazima ifaulu kwa dakika kumi bila kukosa ndipo irudishiwe zamu. Kuondoka haraka na kurudi polepole kumenifaa. Kosa la pili ni kwamba ili kuhama nilikuwa nikizima kiolesura chenyewe kwa `ip link set eth0 down`. Kiolesura kilichozimwa hakiwezi kupimwa, na kwa kuwa hakiwezi kupimwa hakiwezi kuonekana kimepona. Kisanduku kilihamia kwenye simu kikabaki huko hadi kifurushi kikaisha. Tangu hapo programu yangu haizimi kitu. Inabadilisha metriki pekee na kuacha violesura vyote viwili hai.

Kuwa na violesura viwili hai kwa pamoja ndiko kulikonifundisha zaidi. Laini zetu zilikuwa kwenye mtandao binafsi wa kampuni ya simu, na kila kisanduku kilikuwa na anwani isiyobadilika ambayo niliitumia kuingia kwa SSH (njia ya kuendesha kompyuta kutoka mbali) kufanya matengenezo. Kisanduku kisipokuwa na kebo, niliingia bila shida. Kebo ikichomekwa tu, mlango unafungwa. Nilimwomba mwenzangu aliyekuwa pale achomeke na kuchomoa mara kadhaa, na kila mara matokeo yalikuwa yale yale.

Tuliunganisha kisanduku kwa kebo ya seriali, na mwenzangu akaendesha `tcpdump -ni wwan0`, programu inayoonyesha pakiti zinazopita, huku mimi nikijaribu kuingia kutoka mbali. Pakiti ya SYN, ile inayofungua mawasiliano, ilionekana ikifika, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, na hapakuwa na jibu. Akafungua tcpdump nyingine kwenye eth0 na huko pia kukawa kimya. Pakiti ilikuwa ikiingia na kupotelea ndani ya kerneli yenyewe. Kaunta ya `TcpExtIPReversePathFilter` katika `nstat -az`, orodha ya hesabu za kerneli, ilikuwa ikipanda moja kwa kila jaribio langu, na hapo tukajua mhusika. Kichujio cha njia ya kurudi, rp_filter, kikiwa kwenye 1, huuliza swali hili kila pakiti inapoingia: kama ningetaka kumjibu mtumaji huyu, je, ningetokea kwenye kiolesura hiki hiki? Kwa kuwa njia bora ya kutokea ilikuwa eth0, pakiti iliyoingia kwa wwan0 ilionekana ya kughushi ikatupwa. Tcpdump huziona pakiti kabla ya kichujio, na ndiyo maana tuliiona ikifika.

Niliweka 0 kwenye wwan0, hakikubadilika kitu. Saa nzima ilipotea hapo. Kerneli huchukua thamani iliyo kubwa kati ya ile ya kiolesura na ile iliyoandikwa chini ya `all` (mpangilio wa violesura vyote), na `all` ilikuwa 1, kwa hiyo sifuri yangu haikusikilizwa. Nilipoweka 2, ambayo ni hali ya kulegeza inayoridhika mradi mtumaji anafikika kupitia kiolesura chochote, SYN ilipita na jibu likatoka. Lakini lilitokea eth0. Mwenzangu alinisomea mstari wenyewe kwenye simu: anwani ya chanzo ni ya laini ya simu, kiolesura ni cha waya. Ruta ya pale, kwa haki kabisa, haikulipitisha jibu lenye anwani isiyoijua.

Mpaka siku hiyo nilikuwa nikifikiri kwamba jibu hurudi kule ombi lilikotoka. Linux haifanyi hivyo isipoambiwa: njia huchaguliwa kwa kutazama anwani ya kule pakiti inakokwenda, na pale ilikotoka hapahesabiki. Ili pahesabike lazima kila kiolesura kiwe na jedwali lake la njia, na pawe na kanuni inayosema jedwali lipi lisomwe lini. Nilitenga jedwali 100 kwa waya na jedwali 200 kwa simu, kila moja likiwa na njia yake moja ya kutokea, kisha nikaongeza kanuni mbili kwa kila upande:

`ip rule add from <anwani ya wwan0> lookup 200`
`ip rule add oif wwan0 lookup 200`

Ya kwanza hurudisha majibu kwenye njia ambayo maombi yaliingilia. Ya pili hushika programu iliyojifunga kwenye kiolesura kwa jina, kama ile yangu ya uchunguzi, ili isitegemee jedwali kuu ambalo metriki zake hubadilika. Pakiti nyingine zote huendelea kusoma jedwali kuu kama zamani. Kanuni hizo zilipokuwa mahali pake niliweza hata kuirudisha rp_filter kwenye 1, kwa sababu kerneli inapokagua njia ya kurudi huzifuata kanuni hizo hizo. Kwa laini za kawaida, ambazo anwani hubadilika kila modemu inapounganika upya, kanuni ya kwanza lazima ifutwe na kuandikwa tena kila mara; kazi hiyo niliikabidhi hati ndogo iliyo ndani ya `/etc/NetworkManager/dispatcher.d`. Nilisahau kufuta kwanza, na baada ya miezi miwili nikakuta kisanduku chenye mamia ya kanuni za anwani zilizokwishapita.

Njia zikikaa sawa, majina ya seva hufuata. Faili la `/etc/resolv.conf` lilikuwa na seva ya DNS (inayotafsiri majina kuwa anwani) ya waya juu na ya simu chini. Ya waya ilikuwa ruta yenyewe, yenye anwani ya ndani isiyofikika kupitia simu, kwa hiyo baada ya kuhama kila jina lilisubiri sekunde tano za glibc, maktaba ya msingi ya programu za Linux, kabla ya kujaribiwa kwa seva ya pili. Mambo yalikwenda, ila kwa kuburura miguu, na ilikuwa rahisi kulaumu mawimbi. Kupanga upya mistari hakukutosha, kwa kuwa seva za DNS za kampuni za simu mara nyingi hukataa kumjibu anayeuliza kutoka nje ya mtandao wao. Nilihamia systemd-resolved, ambayo huhifadhi seva za kila kiolesura peke yake, huuliza pande zote kwa wakati mmoja, na kuchukua jibu jema linalotangulia. Maswali machache hupita kwenye simu hata waya ukiwa mzima, na gharama hiyo naikubali.

Jambo lililoniuma zaidi ni kupotea kwa vipimo wakati programu yetu ilikuwa ikiripoti kwamba imevituma. Muunganisho wa TCP (itifaki inayofuatilia kama data imefika) ukishafunguliwa hushikamana na anwani ulioanza nayo. Metriki zikibadilika, muunganisho uliofunguliwa kwa anwani ya waya haugeuki kuwa wa simu. Unabaki ukituma pakiti zisizo na majibu. Programu inapoandika kwenye soketi (ncha yake ya muunganisho), kerneli huzipokea data kwenye akiba yake na kujibu kwamba imefaulu, maana yake ikiwa imezipokea, wala haimaanishi kwamba zimefika. Kwa mpangilio wa kawaida, ambapo `tcp_retries2` (idadi ya marudio ya kutuma) ni 15, Linux huendelea kujaribu kwa zaidi ya dakika kumi na tano kabla ya kukata tamaa. Na kama programu haina cha kutuma, inasubiri tu kupokea, keepalive ya kawaida (pakiti ya kukagua kama muunganisho bado uko hai) haiamki mpaka zipite sekunde 7200.

Niliweka `TCP_USER_TIMEOUT` (muda wa juu wa kungoja uthibitisho wa data) ya milisekunde 30000 kwenye soketi zetu, na nikaagiza programu isifute kipimo kwenye diski mpaka seva ijibu kwa namba ya kipimo hicho hicho kwamba imekiandika. Hilo la pili lilipaswa kuwapo tangu siku ya kwanza. Vilevile, wakati wa kuhama programu ya uchunguzi huamuru `ss -K` ili miunganisho yenye anwani ya zamani ikatwe mara moja. Kwenye toleo moja la mfumo amri hiyo haikukata chochote wala haikutoa kosa lolote, kwa sababu kerneli ilikuwa imejengwa bila `CONFIG_INET_DIAG_DESTROY`. Amri inayoshindwa kimya kimya ni ya hatari, na sasa baada ya kuitoa nahesabu soketi zilizobaki.

Kwa visanduku vipya nimechukua mkondo mwingine: mawasiliano yote na seva hupita ndani ya handaki la WireGuard (njia ya mtandao iliyosimbwa kwa siri), ambalo limo ndani ya kerneli tangu toleo 5.6. Upande wa seva hutambua kisanduku kwa ufunguo wake, kwa hiyo pakiti halali ikifika kutoka anwani mpya, majibu huanza kwenda huko. SSH niliyoifungua kwa waya imeendelea baada ya kebo kuchomolewa. Ilisimama kwa muda mfupi, kisha herufi nilizokuwa nimezichapa zikatokea zote kwa pamoja. Hata hivyo handaki lilikuja na adha yake. Kupitia simu niliweza kuingia, kuandika `pwd` na kujibiwa, lakini nikiandika `dmesg`, yenye jibu refu, skrini iliganda. Handaki lilikuwa na MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ya 1420, na WireGuard huongeza baiti 60 juu ya kila pakiti kwenye IPv4. Kiolesura cha simu kilikuwa na MTU ya 1400. Pakiti kubwa zilikatwa vipande njiani na vipande havikufika salama. Nilishusha handaki hadi 1280 pande zote mbili, tatizo likaisha.

IPv6, aina mpya zaidi ya anwani za intaneti kuliko IPv4, nitaitaja kwa ufupi, ingawa ilininyima usingizi kwa wiki moja. Programu yangu ilihamisha njia za IPv4 tu. Ruta iliyokatikiwa na intaneti iliendelea kutangaza IPv6 kwenye waya, visanduku vikaendelea kujipa anwani, na kila programu iliyopata anwani za aina zote mbili ilianza kwa IPv6, yaani kwa njia iliyokufa. Uchunguzi sasa hufanywa kwa aina kila moja peke yake, na uhamisho huzigusa zote mbili.

Modemu nazo zina tabia zake. Kwenye 2G modemu huweza kuvuta hadi ampea 2 kwa kitambo kidogo sana inapotuma, na ubao wenye umeme dhaifu humfanya mtu aamini kwamba programu ina hitilafu: modemu inatoweka kwenye USB, inarudi, na iliyokuwa na jina ttyUSB2 sasa ni ttyUSB5. Ilitokea zaidi pale mawimbi yalipokuwa hafifu, kwa kuwa ndipo modemu hutuma kwa nguvu zaidi. Kapasita kubwa karibu na modemu ilitatua la umeme, na kanuni ya udev (sehemu ya Linux inayovipa vifaa majina) inayotambua tundu badala ya namba ikatatua la majina.

Kifurushi cha data kinahitaji ulinzi wa kweli, si matumaini. Asubuhi moja visanduku vilipokuwa kwenye simu, kazi ya kusasisha mfumo ilianza kwa ratiba yake na kumaliza data ya mwezi kabla ya saa sita mchana. NetworkManager inaweza kukiwekea kiolesura alama kwamba data yake inalipiwa, lakini alama hiyo husaidia tu programu inayojishughulisha kuisoma. Nilichofanya ni kuipa kazi ya kusasisha mtumiaji wake kwenye mfumo, kisha kanuni ya nftables (kichujio cha pakiti cha Linux) ikakataza pakiti za mtumiaji huyo kutokea wwan0. Nilitumia kukataa kwa jibu badala ya kutupa kimya, ili kazi hiyo ijue papo hapo kwamba imezuiwa na kujaribu baadaye, isikae ikisubiri.

Kila toleo jipya la mfumo sasa hulala usiku mmoja kwenye meza yangu kabla halijaenda kwa mteja. Kisanduku huunganishwa na swichi, swichi na ruta, na kebo ninayoichomoa ni ile ya kati ya swichi na ruta, kamwe si ile inayoingia kwenye kisanduku. Kisha narudisha hiyo na kuchomoa ile inayoiletea ruta intaneti. Kisha naviacha vyote vimechomekwa na kupoteza pakiti kwa makusudi, `tc qdisc add dev eth0 root netem loss 30%`, na kulala. Asubuhi nafungua kumbukumbu za mfumo na kuhesabu mambo mawili: mara ngapi kisanduku kilihama, na kama namba za vipimo vilivyoandikwa kwenye seva zinafuatana bila pengo kutoka cha kwanza hadi cha mwisho.